Kasha la Kompyuta Visiwani: Namna ya Kulikagua Kabla Hujatoa Pesa

Masika yakishika, chumvi ya jikoni kwetu hutoa maji. Mama huitia punje za mchele ili zinywe unyevu, na bado ikifika adhuhuri imeshikana donge. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na sisi watu wa visiwani, Unguja na Pemba, asilimia hiyo tunaipita siku nyingi za mwaka. Chumvi hiyo hiyo, kwa chembe usizoziona, huja na upepo wa bahari, ikatua juu ya bati la kompyuta yako na kutoa maji hapo hapo. Kutu huanzia hapo.

Nimeanza na chumvi kwa makusudi. Miongozo mingi ya kuchagua kasha imeandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye hewa kavu na vyumba vya nyuzi 20. Kwao kasha ni urembo na nafasi. Kwetu, kabla ya urembo, kasha ni njia ya hewa na ngao ya kutu. Nililijua hilo kwa gharama. Kasha langu la kwanza nililinunua Darajani: uso mzima kioo, feni tatu zinawaka kama taa za harusi. Wakati huo nilikuwa nahariri video za harusi, na kila nikifika hatua ya kutoa video ndefu, mashine inazima. Nikabadilisha pawa saplai (kile kisanduku kinachoipa mashine umeme), bado. Siku moja nikaung'oa ule uso wa kioo kwa hasira, nikaendelea na kazi, na video ikatoka yote. Feni zilikuwa zimekosa pa kuvutia hewa. Masika ya mwaka ule yalipokwisha, nikaona vifuniko vya nyuma vimegeuka rangi ya hina.

Nikisema kasha nakusudia lile boksi tupu la bati, ambalo mtaani wengi huliita si-pi-yu. Si-pi-yu yenyewe ni prosesa, kidude kinachoenea kiganjani, ndicho kinachofanya hesabu zote za mashine. Ukienda dukani kwa jina lisilo lake utauziwa kitu kingine, au utachekwa.

Hatua ya 1: Andika vipimo kabla hujatoka nyumbani

Usiende kutazama kasha hali hujui litabeba nini. Chukua karatasi uandike ukubwa wa mazabodi (lile bamba kuu linaloshika vifaa vingine), urefu wa kadi ya grafiki (inayotengeneza picha za skrini), urefu wa kusimama wa kipoza cha prosesa, na kina cha pawa saplai. Vyote vimo kwenye maelezo ya kila kifaa, kwa milimita.

Mazabodi zina saizi tatu utakazokutana nazo. ATX ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni mraba wa 244 kwa 244. Mini-ITX ni ndogo, 170 kwa 170. Saizi ya ATX ililetwa na Intel mwaka 1995, na mpangilio wa matundu yake ya skrubu umebaki ule ule, kwa hiyo kasha la zamani lililofuata kipimo hicho bado linapokea mazabodi ya leo. Ndogo inaingia kwenye kasha la kubwa. Kubwa haiingii kwenye la ndogo.

Beba futi kamba, tochi ya simu, sumaku (niliing'oa kwenye spika mbovu) na kipande cha tishu. Vyote vinaenea mfukoni.

Hatua ya 2: Omba lifunguliwe

Hapa ndipo wengi hushindwa kwa haya. Kasha liko ndani ya boksi lake, muuzaji anakuonesha lile la maonyesho juu ya rafu, nawe unabeba boksi usilolifungua. Mimi siku hizi husalimia, tukaulizana hali, kisha nasema:

“Shekhe, naomba nilifungue hili hili nitakalolichukua.”

“Fungua yakhe, lakini kioo kikivunjika ni chako.”

“Sawa, tukifungue sote.”

Na kweli tunakifungua sote. Muuzaji mzuri hakatai. Anayekataa, nashukuru, naaga, nahamia Mlandege au popote pengine.

Likishatoka kwenye boksi, liweke sakafuni palipo sawa na ulisukume pembe kwa pembe. Likiyumba, fremu imepinda. Vua mabavu yote mawili (vile vifuniko vya ubavuni), kisha uyarudishe: yaingie bila kupigwa ngumi. Bonyeza katikati ya bavu la bati kwa kidole gumba. Bati la makasha rahisi huwa kama nusu milimita, na lile zuri linakaribia milimita 0.8. Tofauti utaisikia kabla hujaipima, kwani jembamba linabonyea na kurudi kwa kelele kama debe. Na ndilo hilo litakalotetemeka usiku feni zikienda kasi.

Pitisha kidole taratibu kwenye kingo za ndani. Kingo za kasha la kupunguza gharama hazikukunjwa, zinakata. Nina kovu la uthibitisho kwenye kidole cha shahada.

Hatua ya 3: Njia ya hewa

Kaa hapa muda mrefu kuliko pengine pote.

Tazama uso wa mbele. Hewa itaingilia wapi? Kama uso ni wavu wa matundu, washa tochi ya simu kwa ndani na uangalie mwanga unavyopenya. Ukiona mwanga mwingi, hewa nayo itapita nyingi. Ukiona vitone hafifu vya mwanga, basi ule “wavu” ni pambo. Kama uso ni kioo au plastiki isiyo na tundu, chungulia pembeni na chini: kuna upenyo gani kati ya uso na fremu? Upenyo wa kuingia kidole kimoja tu, kwa feni tatu, ni kama kumwambia mtu akimbie huku amezibwa pua.

Hesabu yake si ngumu. Kompyuta inayokula wati 400 ikipitisha hewa mita za ujazo 150 kwa saa, hewa inayotoka nyuma itakuwa imeongezeka joto kama nyuzi 8. Ukiziba njia hata hewa ikabaki nusu, ongezeko linakuwa nyuzi 16. Mtu wa chumba cha nyuzi 20 anatoka kwenye 28 kwenda 36, na anaishi. Wewe uliye ghorofa ya juu Michenzani mchana wa Februari, chumba kiko nyuzi 32, unatoka kwenye 40 kwenda 48. Na hiyo ni hewa tu inayopita, bado prosesa yenyewe. Prosesa nyingi za Intel hupunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, na Ryzen, prosesa za AMD, nyingi za mfululizo wa 7000 zimewekewa mpaka wa 95. Kila nyuzi unayoiokoa kwenye kasha ni nyuzi uliyoirudishia prosesa.

Sasa hesabu feni na mahali pake. Feni za mbele na chini huvuta ndani, za nyuma na juu hutoa nje. Feni husukuma hewa kuelekea upande wenye ule msalaba wa plastiki unaoshika mota. Upande ulio wazi ndio unaovuta. Nimekuta kasha jipya kutoka kiwandani lenye feni ya nyuma iliyofungwa kinyume, kwa hiyo usiamini, tazama.

Kwetu nataka zinazovuta ziwe nyingi kidogo kuliko zinazotoa: tatu mbele na moja nyuma, au mbili kwa moja. Ndani ya kasha kunakuwa na msukumo wa hewa unaotoka kwenye kila upenyo mdogo, na vumbi haliwezi kuingia kwa mlango wa uani. Ukigeuza, ukawa na nyingi za kutoa, kasha litavuta hewa kwa kila tundu lisilo na chujio, na vumbi litajaa hata kwenye soketi za USB.

Angalia pia waya wa feni unaishia na plagi gani. Ya pini 3 au 4 inachomekwa kwenye mazabodi, na kasi yake unaiongoza. Makasha ya bei ya chini huja na feni za plagi kubwa ya pini 4 inayochomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai: hizo zinakwenda kasi moja tu, usiku na mchana, mpaka zife. Nyingine zina plagi ya kipekee inayoingia kwenye kiboksi kinachoongoza taa. Feni moja ikifa huipati tena visiwani, itabidi ubadilishe zote na kiboksi chake. Feni za kawaida za milimita 120, zenye plagi ya kawaida, ndizo utakazozipata hata Chake Chake kwa kuuliza uliza.

Taa? Sina ugomvi nazo. Lakini kasha lenye wavu mzuri na feni mbili zisizo na taa nalichukua mbele ya kasha la kioo lenye feni sita za rangi, bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 4: Bati, rangi na kutu

Toa sumaku. Ikishika kwa nguvu, hilo ni bati la chuma, na makasha mengi ni hivyo. Isiposhika, ni alumini. Alumini haitoi kutu nyekundu, lakini chumvi inaitoboa vitundu vyeupe, na pale skrubu ya chuma inapokutana na alumini penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili zinakulana. Alumini yenye rangi iliyoshika vizuri ni nzuri. Iliyoachwa tupu, kwa mtu wa Paje au Jambiani ambako kusi inapiga moja kwa moja kutoka baharini, hapana.

Bati la kasha kwa kawaida limepakwa zinki kabla ya rangi. Zinki ndiyo inayozuia kutu. Lakini bati linapokatwa kiwandani, ukingo uliokatwa unabaki bila zinki. Kwa hiyo kutu haianzii katikati ya bavu, inaanzia kwenye kingo, matundu ya skrubu, ripiti (vile vijisumari vinavyounga bati kwa bati), na vifuniko vya nafasi za kadi nyuma. Washa tochi, tazama sehemu hizo. Kasha lililokaa ghalani masika mawili tayari lina vidoadoa vya kahawia hapo, ingawa boksi halijafunguliwa. Likiwa na vidoadoa, usidanganywe na punguzo.

Kwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana, ndani ya bavu. Rangi ya unga iliyochomwa kwenye tanuri haitoki kwa ukucha. Ikitoka kama ganda la embe, masika ya kwanza itaanza kubanduka yenyewe.

Nikishalinunua, kabla ya kuliunda, nafanya kazi ya nusu saa ambayo fundi mwenzangu ananicheka kwayo: nachukua rangi ya kucha isiyo na rangi (ya dada yangu, kwa ruhusa yake) na kupaka kwenye kingo zilizokatwa na kwenye vichwa vya ripiti. Nyuzi za skrubu nazipitishia vaselini, filamu nyembamba tu. Usipake kwenye nguzo za kushikia mazabodi, wala pale pawa saplai inapogusana na bati, kwa sababu hapo tunataka chuma kigusane na chuma. Nitalieleza hilo kwenye umeme.

Watu huniuliza kuhusu vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Ndani ya kasha lenye feni havina kazi, kwani hewa mpya inaingia kila sekunde, na vipakiti vimeshajaa kabla ya chai ya saa nne. Kinachokausha kompyuta ni joto lake lenyewe. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ikipashwa nyuzi 10 tu zaidi, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 50, na chumvi haiwezi tena kutoa maji. Ndiyo maana kompyuta inayowashwa kila siku hukaa salama, na ile iliyofungiwa mwezi mzima kwa kuwa mwenyewe amesafiri ndiyo anayoikuta imeota kutu. Ukisafiri masika, mwachie mtu funguo aiwashe kila baada ya siku mbili tatu.

Hatua ya 5: Vumbi, udi na mjusi

Chujio ziwe za nailoni, ziwe za kutoka kwa mkono bila bisibisi. Chujio za waya wa chuma zinaota kutu na kumwagia unga wake ndani. Angalia zaidi ile ya chini, ya pawa saplai: inachomolewa kwa mbele au kwa nyuma? Ikiwa kwa nyuma, itabidi usogeze mashine nzima na nyaya zake kila ukitaka kuisafisha. Hutaisafisha. Najua, kwa sababu mimi sikuisafisha.

Vumbi letu si la aina moja. Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinachuja unga mweupe mchana kutwa, na unga huo una chumvi yake. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ni vumbi la barabara. Pemba, msimu wa karafuu, ukianika uani basi kompyuta isikae dirisha la upande huo, kwani makonyo na vumbi la majamvi vyote vitaingia. Na nyumba inayofukizwa udi na ubani kila Alhamisi, moshi wake huacha utomvu mwembamba juu ya mabawa ya feni, na vumbi likishanata hapo halitoki kwa kupuliza. Sisemi msifukize. Izimeni mashine kwanza, halafu fukizeni.

Geuza kasha uone nyuma. Vifuniko vya nafasi za kadi ni vya skrubu, au ni vile vya kukata kwa kupinda? Vya kukata, ukishakitoa hakirudi, na tundu linabaki. Tundu la upana wa kidole kwa mjusi kafiri ni mlango wa nyumba: ndani kuna joto, na wadudu wanafuata mwanga wa taa. Nimewahi kutoa mjusi aliyekauka juu ya mazabodi, katikati ya pini za umeme, mazabodi imeungua naye. Sisimizi nao hupenda mashine isiyowashwa. Chukua kasha lenye vifuniko vya skrubu, na kila nafasi isiyo na kadi iwe imefunikwa.

Hatua ya 6: Pima ndani kwa futi kamba yako

Namba za kwenye boksi ni za kweli, ila zimepimwa kasha likiwa tupu. Tuseme limeandikwa linapokea kadi ya grafiki ya milimita 360. Ukifunga rejeta mbele (ndiyo, kama ya gari, hupitisha maji), unene wake huwa kama milimita 27, na feni yake 25. Toa 52, umebaki na 308. Kadi ya 320 haiingii, na umeshalipa. Pima kutoka bati la nyuma linaposhika kadi hadi kwenye feni, si hadi kwenye fremu.

Kwa kipoza cha prosesa, pima kutoka bati la kushikia mazabodi hadi usawa wa bavu, kisha toa milimita 20 kwa ajili ya nguzo, mazabodi na prosesa yenyewe. Vipoza vya mnara vyenye feni ya 120 huwa karibu milimita 155 hadi 165. Kama baada ya kutoa hizo 20 una 160 na kipoza chako ni 158, sogea kwenye kasha jingine, kwani kioo kinachogusa chuma cha moto si jambo la kujaribu.

Kadi kubwa za sasa zina waya wa umeme unaoingilia ubavuni, kuelekea kioo. Acha milimita 35 kabla waya haujapinda. Waya uliobanwa na kioo huchomoka nusu, na plagi iliyochomoka nusu inaungua.

Pawa saplai ya kawaida ni milimita 150 upana na 86 kimo. Kina ndicho kinachobadilika, kuanzia 140 kwenda juu. Tazama kama kizimba cha hadidiski (diski ya kuhifadhia kazi zako) kiko karibu nayo na kama kinang'oka. Nyuma ya bati la mazabodi nataka angalau milimita 20 za kupitishia nyaya. Chini ya hapo bavu halifungi, na utalilazimisha, na litavimba kama chapati.

Hatua ya 7: Skrubu, nguzo na nyaya za mbele

Fungua kile kijifuko cha skrubu na uhesabu. Nguzo za mazabodi ya ATX ni tisa. Skrubu za kompyuta ni za aina mbili zinazofanana kwa macho: zile nene za 6-32, ambayo ni nyuzi ya Kimarekani, kwa pawa saplai na hadidiski kubwa, na zile za M3, nyembamba, kwa SSD, ile diski ndogo ya kisasa, ya inchi 2.5. Duka la vifaa vya ujenzi litakupa M3, ila ile 6-32 utazunguka Mwanakwerekwe nzima. Kijifuko kikikosekana, kasha hilo si kamili.

Nyaya za mbele zisome majina: swichi ya kuwasha, taa, sauti, USB. Plagi ya USB 3 ni pana yenye pini 19, na mazabodi yako iwe na mahali pake. Ikiwa kasha lina tundu la USB-C mbele na mazabodi haina plagi yake ndogo, tundu hilo litakuwa la mapambo. Bonyeza swichi mara kumi. Ikikwama mara moja, itakwama tena.

Hatua ya 8: Umeme na ethi

Hili si la duka, ni la nyumba, lakini kasha ndilo litakalokupa habari. Plagi yetu ya pini tatu ina pini kubwa ya ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kasha lote linaunganishwa na ethi kupitia bati la pawa saplai. Nyumba nyingi za zamani soketi ina tundu la tatu, na nyuma ya tundu hamna waya. Hapo, kwa namna pawa saplai zilivyotengenezwa, bati la kasha linaelea kwenye kama nusu ya volti za umeme wetu, yaani zaidi ya 100. Mkondo ni mdogo, haukuui, lakini ukigusa skrubu kwa miguu mitupu kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, unakung'ata. Bisibisi ya tesa ikiwaka kwenye kasha, mwite fundi umeme aweke ethi ya kweli. Usikate pini kubwa, wala usitumie adapta ya pini mbili.

Na hii ndiyo sababu sikutaka upake rangi ya kucha kwenye nguzo: mazabodi inajiunga na bati kupitia hapo.

Kuhusu makasha ya mtumba

Mashine za ofisi zilizotumika zimejaa madukani, na bati lake mara nyingi ni zito kuliko la makasha mapya ya bei ndogo. Mtu anafikiri: nitang'oa vya ndani, niweke vyangu. Mara nyingi haiwezekani. Mazabodi zake zina umbo la kampuni yenyewe, pawa saplai yenye umbo lake, na nyaya za swichi zenye plagi isiyolingana na mazabodi nyingine. Weka futi kamba: ukikosa yale matundu ya ATX au Micro-ATX mahali pake, liache. Na kama ni zile nyembamba za kulaza chini ya skrini, kadi ya grafiki ya kawaida haitasimama ndani yake hata ukiiombea dua.

Likitoka Dar

Bei ya Kariakoo ya Dar inavutia, na wengi wetu tunaagizia huko. Kasha lenye kioo lisafiri kwenye boksi lake na povu zake zote, na vyema zaidi kioo kikivuliwa na kufungwa peke yake kwenye blanketi. Likisafirishwa kwa meli ya mizigo, mwambie mtu wako aliwekee nailoni juu ya boksi, kwani karatasi ya boksi inanywa maji ya chumvi na kuyashikilia dhidi ya bati siku nzima. Ukilipokea bandarini, lifungue hapo hapo Malindi, kabla hujasaini. Angalia kama pembe zimepinda, kisha kioo, kisha miguu. Ukishafika nalo nyumbani, ubishi wa nani alilipiga hauna mwisho.

Mahali pa kuliweka

Bibi yangu alikuwa na kasha la mbao lenye njumu za shaba, lile la mahari, na lilisimama juu ya miguu yake mirefu. Nilidhani ni urembo. Nikaja kuona siku ya kupiga deki, maji yanapita chini yake na nguo ndani ni kavu. La kompyuta nalo lisikae sakafuni: pawa saplai nyingi huvuta hewa kwa chini, na miguu ya kasha huwa milimita 20 hivi, haitoshi kwa ndoo ya maji. Liweke juu ya stuli ya mbao yenye uwazi katikati. Juu ya mkeka au zulia ni vibaya vivyo hivyo, kwani majani na manyoya huziba chujio ya chini.

Likae mbali na dirisha linalotazama bahari, kiasi cha shibiri moja kutoka ukutani, si chini ya pangaboi linalomwaga vumbi la dari. Ukiliwasha mara ya kwanza, shika kipande chako cha tishu mbele ya wavu. Kikinata, feni zinavuta. Kipeleke nyuma: kipepee kuelekea kwako. Ukikuta kinanata nyuma pia, kuna feni imefungwa kinyume, na kuigeuza ni skrubu nne.

Chujio nazitoa kila wiki mbili wakati wa kaskazi, na kila mwezi wakati wa mvua. Naziosha kwa maji baridi, kisha naanika kivulini mpaka zikauke kabisa. Masika yakiisha, mwezi wa Juni, navua bavu na kuzitazama tochini zile kingo nilizozipaka. Mwaka jana nilikuta doa moja tu, chini ya skrubu ya bavu la kulia. Nikalikwangua, nikalipaka, nikafunga.